Pesa Imeingia kwa Nani? Njia ya malipo ya simu kwa mfanyabiashara mdogo



Familia moja ya Unguja ilituletea suala ambalo tumeona tulijibu hadharani, kwa sababu wengi wetu yanaweza kutufika yaliyowafika wao.

Walikuwa na harusi. Katika maandalizi wakaagiza vikapu kumi na viwili vya kusukwa kutoka kwa mama mmoja wa Kalenga, kijiji kilicho nje kidogo ya mji wa Iringa. Picha za vikapu walitumiwa kwa WhatsApp, wakakubaliana shilingi 15,000 kila kimoja, jumla 180,000. Wakatuma pesa kwenye namba waliyopewa na meseji ya muamala ikarudi mara moja kuwa zimefika. Siku chache baadaye wakapokea furushi lenye vikapu vinane. Walipopiga simu, muuzaji akawaambia kuwa pesa aliyoipata ni 120,000 tu, na vikapu vinane ndivyo alivyolipwa. Suala lao: je, tumedhulumiwa? Na tukidai vinne vilivyobaki, tutakuwa tunamdhulumu yeye?

Ilitokea kuwa tulikuwa na safari ya Iringa, tukaona bora tumsikilize na upande wa pili. Kadhi hahukumu kwa maneno ya mmoja, nasi hatufai kutoa jawabu kwa maneno ya mmoja.

Kalenga wengi wetu tumeisoma skuli. Ndiyo iliyokuwa ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa katika makumbusho ya hapo kijijini. Wageni hufika kuliona, na wenyeji huwauzia vitu vya mikono. Mama huyo ni mmoja wa wauzaji hao. Si Muislamu, lakini haki ya mtu haiangalii dini yake.

Alitupokea vizuri na kutueleza bila kuficha. Namba aliyowapa wateja wa Unguja si yake, ni ya mtoto wa dada yake. Yeye hakuwa na kitambulisho cha NIDA wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, Januari 2020, na tangu hapo akawa anatumia laini ya kijana. Kijana alikuwa amekopa kwenye simu, ile mikopo midogo inayopatikana kwa kubonyeza tu. Pesa ya vikapu ilipoingia, mtandao ukakata deni lake pamoja na ada zilizolimbikizana, shilingi 60,000. Zikabaki 120,000. Kijana akaona haya kusema, akampa mama zilizobaki na kumwambia kuwa ndizo zilizotumwa.

Basi hapo hapakuwa na tapeli. Mnunuzi alilipa kamili na muuzaji alikuwa mkweli. Hata mtandao ulikata deni la mwenye laini kama alivyokubali wakati anakopa. Hata hivyo kuna harusi iliyokosa vikapu vinne, na mama aliyeitwa mwizi katika simu na watu asiowajua.

Jawabu la suala

Familia imelipa. Muuzaji ndiye aliyewapa namba ile, kwa hiyo mwenye namba ni wakili wake wa kupokea, na aliyemlipa wakili amemlipa mwenyewe. Dhima yao imetoka tangu pesa ilipoingia, nao wana haki ya vikapu vyao vinne. Mama naye anamdai kijana wake 60,000, kwa sababu deni lililolipwa kwa pesa yake ni la kijana. Lakini tuliwaomba ndugu zetu wampe muda. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 280, tumsubiri mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wepesi. Wamekubali, Alhamdulillahi, na wamemtaka radhi kwa maneno waliyomwambia.

Kesi imekwisha, lakini kinachotushughulisha ni sababu yake. Huduma za pesa kwa simu si mpya kwetu. Mwaka 2008 Vodacom walileta M-Pesa Tanzania, na mwaka huo huo sisi wa visiwani tukaanza na Z-Pesa ya Zantel, ambayo baadaye ikawa Ezypesa. Leo mitandao yote ina huduma hizi, na Benki Kuu ya Tanzania imejenga mfumo wa TIPS unaounganisha mitandao ya simu na mabenki, pesa ikatoka huku na kuingia kule papo hapo. Dada anayeuza udi na vileja kwa Instagram kutoka Michenzani anaweza kulipwa na mteja wa Mbeya ndani ya dakika moja. Neema hiyo tunaishukuru. Lakini kasi ya pesa haimwambii mtu kuwa pesa imefika kwa mwenyewe. Njia ya kuaminika ni ile ambayo muuzaji anaweza kusema "nimekabidhiwa" na asikosee. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, mfanyabiashara ajiulize mambo matano.

Kwanza, jina ni la nani?

Mfanyabiashara asipokee malipo kwa laini ya mume, kaka au mtoto, hata kama wanapendana vipi. Mwenye laini akikopa, akipoteza simu, akigombana nawe au akifariki, pesa yako imo ndani ya jina lake. Akifariki itahesabiwa katika mirathi, nawe utakuwa unadai bila ya karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, na katika malipo ya simu jina lililosajiliwa ndilo shahidi wa mwanzo. Bonyeza *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kisha omba namba ya biashara, hii inayoitwa Lipa Namba, kwa jina lako au la duka lako. Mteja akilipa ataliona jina hilo kabla ya kuweka namba ya siri, na akiona jina geni ataweza kusita.

Pili, ni wakati gani pesa imekuwa yangu?

Mwaka 1990, katika kikao chake cha sita mjini Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipitisha kuwa pesa kuingizwa katika hesabu ya mtu ni sawa na kukabidhiwa mkononi, japokuwa hakuishika. Uamuzi huo ulikuwa wa mabenki, lakini hukumu yake inaifikia simu. Sharti ni kuwa mwenyewe awe na uwezo wa kuitumia.

Kwa hivyo picha ya meseji iliyotumwa na mnunuzi haijawa malipo, kwani picha hutengenezwa. Hata meseji inayoingia kwenye simu yako iangalie jina la mtumaji, kwa sababu matapeli huandika meseji zinazofanana na za mtandao kutoka namba za kawaida. Funga mzigo baada ya kufungua menyu na kuona salio limeongezeka. Na ile meseji maarufu ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" usiitii, hata kama kweli ulikuwa na mtu wa kumtumia. Mpigie kwanza, kisha ipeleke namba ya tapeli kwa mamlaka kupitia 15040.

Tatu, makato ni ya nani?

Ada ya kutuma na ya kutoa pesa si riba. Ni ujira wa kazi: kuna mitambo, kuna wakala aliyekaa kibandani toka asubuhi. Mwaka 2021 serikali ilipoweka tozo juu ya miamala ya simu watu wengi walilalamika, na tozo hiyo ikapunguzwa. Hayo ni mambo ya siasa ya kodi, wala hayaufanyi muamala kuwa haramu.

Kinachoharibu ni kutokubaliana. Muuzaji anataja bei, mnunuzi anatuma bei ile ile, kisha anaambiwa: "Mbona hukuweka ya kutolea?" Ugomvi mdogo, lakini umevunja biashara nyingi. Bei itajwe pamoja na makato, na atakayeyabeba ajulikane kabla. Ukienda kuomba Lipa Namba, uliza mteja atakatwa nini akilipa, wewe utakatwa nini ukitoa kwa wakala, na nini ukihamishia benki. Njia ambayo kulipa kwake ni bure inaweza kuwa ghali katika kutoa.

Nne, pesa inalala wapi?

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Pesa iliyomo katika simu haikai katika simu. Kampuni huiweka benki katika akaunti ya amana, na akaunti hiyo huzalisha faida. Mwaka 2014 Tigo Pesa waliwagawia wateja wao faida hiyo, na watu wengi wakatuuliza kama ni halali. Tuliyowajibu ndiyo tunayoyasema leo: ikiwa chanzo chake ni riba ya benki, usiile. Itoe kwa mafukara au katika maslahi ya watu wote, bila ya kutarajia thawabu ya sadaka.

Lililo bora ni kutoiacha pesa ya biashara ikalala huko. Kila jioni au kila wiki ihamishiwe katika akaunti isiyokuwa na riba. Benki ya Watu wa Zanzibar ina kitengo cha Kiislamu, na Amana Bank inaendeshwa kwa misingi hiyo tangu ilipofunguliwa mwaka 2011.

Ama ile mikopo ya kubonyeza, na huduma ya kukujalizia pale salio lisipotosha, yenye ada ya kuchukua na ada nyingine kila siku unayochelewa, hiyo ni riba hata ikiitwa kwa jina zuri. Tena haikudhuru peke yako. Umeona ya Kalenga: deni la kijana limelipwa kwa vikapu vya mama yake mkubwa. Laini ya biashara isikopewe kabisa.

Tano, likiharibika nimwendee nani?

Mtoa huduma awe na leseni ya Benki Kuu kwa mujibu wa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Awe na ofisi au namba inayopokelewa, na utaratibu wa kurejesha pesa iliyokosewa. Lalamika kwake kwanza na uweke namba ya muamala. Ukikosa haki, lalamiko lako linapokelewa Benki Kuu. Ukipokea pesa ya mtu aliyekosea namba, usiitoe kwa haraka ukasema ni riziki. Ni amana iliyopotea njia. Mwache airudishe kupitia mtandao wake, siyo kwa kumtumia wewe kwenye namba nyingine anayokutajia.

Basi tuchague ipi?

Kwa muuzaji mdogo ambaye wateja wake wako Tanzania, tunaona Lipa Namba kwa jina lake, ikifuatwa na akaunti ya benki isiyo na riba, inamtosha. Huhitaji tovuti wala mashine. Kama wateja wako wana mitandao mbalimbali, hakikisha namba yako inalipika kutoka yote, au omba alama ya TANQR, ambayo imewekwa ili alama moja isomeke na watoa huduma tofauti.

Anayewauzia watalii, wa Kalenga au wa Nungwi, huenda akahitaji kupokea kadi. Hapo asome mkataba: asilimia wanayokata, siku wanazochukua kabla ya kumfikishia pesa, na yatakayotokea mwenye kadi akiyapinga malipo baada ya kuondoka na mzigo. Asiyeujua mkataba huo asiuingie kwa kuwa jirani ameuingia.

Na wanunuzi nao wana wajibu. Ukiagiza kitu ambacho hakijatengenezwa au mazao ambayo hayajavunwa, na ukalipa kabla, huo ni mlango wa salam. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakuta watu wa Madina wakilipia matunda kabla ya msimu, akawataka wawe na kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Andikeni hayo katika ujumbe wenu kabla ya kutuma pesa: idadi, ukubwa, siku ya kufika na nani analipa nauli. Ujumbe huo usiufute mpaka mzigo umefika.

Tulipoagana na mama wa Kalenga, kijana alikuwepo. Amekubali mbele yetu kulipa 60,000 kwa mafungu, na tumeyaandika. Mama naye kitambulisho chake kimeshatoka, sasa anafuatilia namba yake mwenyewe. Vikapu vinne anavisuka. Alituuliza kama wale wa Unguja watamwagizia tena. Tukamwambia tutawafikishia suala lake, nasi tumelifikisha.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika biashara zetu na atuepushe na kula mali za watu kwa batili. Wallahu a'alam.