Cheche ndogo za Jua na ndovu wa Tsavo

MSOMAJI, ukisafiri kwa treni kutoka Mombasa, kabla ya kufika Voi chungulia dirishani. Bahati ikiwa yako utawaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa vumbi. Mwezi wa Machi 2016, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na shirika la Save the Elephants yaliwavisha ndovu kumi kola za GPS, ili ijulikane kama wangekubali kuvuka reli ya SGR iliyokuwa ikijengwa.

Je, kola hujuaje ndovu alipo? Hupokea mawimbi ya redio kutoka kwa setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu. Njiani mawimbi hayo hupenya tabaka la hewa lililojaa chembe za umeme, linalotengenezwa na miale ya Jua. Tabaka hilo likichafuka, mahesabu hukosea kwa mita kadhaa, pengine mawimbi yakapotea kwa muda. Nchi za ikweta kama yetu husumbuliwa zaidi, hasa saa chache baada ya magharibi. Nao mkulima wa Sagalla, ambaye mahindi yake yako njiani mwa ndovu, ana haja kubwa ya kujua mnyama huyo anaelekea wapi.

Tukisikia Jua limechafuka, wengi wetu twafikiria milipuko mikubwa, kama ile ya Mei 2024 iliyoleta dhoruba kali kuliko zote tangu 2003. Lakini wataalamu siku hizi wanachunguza pia cheche ndogo.

Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi. Ajabu ni kwamba hewa inayolizunguka, iitwayo korona (wala si ule ugonjwa!), hupita nyuzi milioni moja. Ni kama kusogea mbali na jiko halafu ukaungua zaidi! Mwaka 1988 mtaalamu Eugene Parker wa Marekani alieleza kwamba huenda korona hupashwa moto na miwako midogo isiyohesabika. Mei 2020 chombo cha Solar Orbiter kilipiga picha za miwako iliyopewa jina la mioto ya kambi. Mingine ilikuwa na upana wa kilomita 400 tu, karibu na umbali wa Nairobi hadi Mombasa. Wataalamu wangali wanabishana kama cheche hizo zatosha kuifanya kazi yote, lakini haba na haba hujaza kibaba. Kutoka korona hiyo huvuma upepo wa Jua, ambao hufika kwetu na kuitikisa sumaku ya dunia.

Usidharau kidogo. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink. Dhoruba ya Jua, tena ndogo, ikaipasha joto hewa ya juu, hewa ikatanuka na kuzivuta setilaiti hizo chini. Thelathini na nane ziliteketea.

Na nyota je? Kila nyota ni jua. Jioni za Mei na Juni, ukiwa Voi, tazama kusini uione Alpha Centauri inavyong'aa. Jirani yake, Proxima, haionekani kwa macho matupu. Ni nyota ndogo nyekundu yenye milipuko ya mara kwa mara, na mwaka 2016 iligunduliwa kuwa na sayari inayoizunguka kwa siku 11. Je, sayari hiyo yaweza kubaki na hewa yake? Jibu latafutwa hapa nyumbani, kwani Jua ndiyo nyota pekee iliyo karibu kiasi cha kutuonyesha cheche zake ndogo.

Wazazi, waonyeni watoto wasilikodolee Jua macho, hata kwa miwani ya kawaida. Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.