Je, Magoli Yatosha Kumpima Mchezaji?

Kila mwaka, unapofika wakati wa kuchagua wachezaji wa kwenda mashindano ya UMISSETA, husikika ubishi ule ule kuanzia bwenini mpaka chumba cha walimu. Huyu asema fulani ndiye apasaye kwenda kwa kuwa amefunga magoli mengi. Yule asema la, mpira hautazamwi kwa hesabu, hutazamwa kwa macho. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na yaweza kudhaniwa kwamba nitawatetea wale wa kwanza. Sivyo. Naona pande zote mbili zimekosea, na kosa lenyewe huwaumiza vijana wetu, ndiyo sababu nimemwomba Mhariri nafasi katika gazeti hili.

Nianze na kosa langu mimi. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nyingine ambayo hakuna haja ya kuitaja, niliwekwa katika kamati ya kuchagua timu. Ilikuwa imebaki nafasi moja, na walioigombea ni vijana wawili. Mmoja alikuwa fowadi mwenye magoli 9. Wa pili alikuwa beki, kijana mkimya, asiye na goli hata moja katika daftari letu. Nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Jamani, hesabu haidanganyi." Wenzangu wakanyamaza, fowadi akachaguliwa.

Tuliporudi kutoka mashindanoni, tukiwa tumetolewa mapema, nililifungua tena lile daftari. Katika magoli yale 9, magoli 6 yalifungwa katika michezo miwili tu, tulipocheza na shule changa iliyokuwa na wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili peke yao. Nikatazama tena michezo mitatu ambayo yule beki hakucheza kwa ajili ya homa: tulifungwa magoli 8. Katika michezo 11 aliyocheza tulifungwa 7. Hesabu hizo zilikuwamo daftarini siku zote, ila mimi sikuziuliza swali lililopasa. Kijana yule alikuwa kidato cha nne, na mwaka mwingine wa kuchaguliwa hakuupata.

Watu wa mkoa wetu wa Singida wauzao alizeti wanajua jambo hili kuliko mimi. Mnunuzi akija akahesabu magunia tu bila mizani, hajui alichonunua. Gunia moja ni la lumbesa, limefungwa juu kwa kamba na kushonewa kilemba. Jingine ni la kawaida. La tatu limejaa mapepe matupu yasiyo na mafuta. Yote matatu kwake ni "gunia". Ndivyo tufanyavyo tukisema "magoli 9" tukanyamaza.

Mfano mzuri umo katika Ligi Kuu yetu, ambayo najua wengi wenu mwaifuata redioni kuliko mfuatavyo somo langu. Msimu wa 2018/19, Meddie Kagere wa Simba alikuwa mfungaji bora kwa magoli 23. Msimu wa 2023/24, Stephane Aziz Ki wa Yanga alipata heshima hiyo kwa magoli 21. Ukiuliza nani alifunga zaidi, mtoto wa darasa la pili atakujibu. Lakini msimu ule wa Kagere ligi ilikuwa na timu 20, na kila timu ilicheza michezo 38. Msimu wa Aziz Ki timu zilikuwa 16, na michezo 30. Gawanya sasa: Kagere alipata kiasi cha magoli 6 kwa kila michezo 10 ya timu yake, Aziz Ki alifikia 7. Emmanuel Okwi naye, kwa magoli yake 20 ya msimu wa 2017/18 katika michezo 30, awapita mbele wote wanaomdhani kuwa chini ya Kagere. Tena hata mgawanyo huu haujatosha, kwa kuwa nimegawanya kwa michezo ya timu, si kwa dakika ambazo mchezaji mwenyewe alikuwa uwanjani. Aliyeumia mwezi mzima amehesabiwa kana kwamba alikuwa akicheza.

Wala tusiende mbali, kwani mjini Singida kwenyewe tulimwona Jonathan Sowah, kijana wa Ghana. Alijiunga na Singida Black Stars Januari 2025, ligi ikiwa imekwisha fika katikati, akafunga magoli 13. Mfungaji bora wa msimu huo alikuwa Jean Charles Ahoua wa Simba, kwa magoli 16 ya msimu mzima, baadhi yake yakiwa ya penalti. Simnyang'anyi Ahoua tuzo yake, kwa maana sheria ya tuzo ni wingi wa magoli, na yeye aliwashinda wote. Nasema tu kwamba mtu anayetafuta mshambuliaji wa kumsajili, akitazama orodha ile kutoka juu kwenda chini bila kuuliza kila mmoja alianza lini, amejifunga kitambaa machoni.

Haya yote ni ya wafungaji. Na beki je? Na yule wa katikati atoaye pasi? Hapa ndipo nataka kuwapeleka mbali kidogo, mpaka kwenye mchezo ambao huku Itigi, kwenye vumbi letu na vichaka vyetu, hatutauona leo wala kesho: mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu. Msicheke. Nairobi, katika hoteli ya Panari, kulitengenezwa uwanja wa barafu, mdogo kuliko uwanja wa kawaida wa mchezo huo, na hapo ndipo ilipokulia timu iitwayo Ice Lions. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo. Basi jirani zetu wa Ikweta wamekwisha anza.

Katika mchezo huo kila upande una watu 6 uwanjani pamoja na golikipa, na huteleza kwa viatu vyenye chuma chini, wakipiga kisahani kigumu cha mpira kwa magongo. Kazi yao ni nzito hata mchezaji hukaa uwanjani kiasi cha dakika moja au pungufu, kisha hutoka kupumzika na mwenzake huingia, mchezo ukiendelea. Watu wa Kanada na Marekani wamekuwa wakiuhesabu mchezo huu kwa bidii tangu zamani, na wamejifunza mambo mawili ambayo nayatamani kwetu.

La kwanza, humwandikia mtoa pasi kama wamwandikiavyo mfungaji. Wayne Gretzky alifunga magoli 894 katika ligi yao kuu, na hakuna aliyempita mpaka Aprili 2025, Alexander Ovechkin alipofunga la 895. Lakini Gretzky aliandikiwa pia pasi 1,963 zilizozaa magoli. Kwao goli ni pointi moja na pasi ni pointi moja. Basi ukiyafuta magoli yake yote 894, ukamwachia pasi peke yake, bado hakuna mchezaji mwingine wa ligi hiyo mwenye pointi nyingi kama yeye. Nimewaeleza habari hii wavulana fulani wa timu yetu wasiopenda kutoa pasi, wakanitazama kama niliyewaambia habari za mizimu.

La pili ni hesabu ya kuongeza na kupunguza. Timu ya Montreal Canadiens ilianza kuiweka katika miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ligi yenyewe ikaikubali. Ni rahisi sana. Timu yako ikifunga, kila aliyekuwa uwanjani kwa upande wako huandikiwa moja ya kuongeza. Mkifungwa, kila aliyekuwapo huandikiwa moja ya kupunguza. Magoli yanayofungwa wakati wapinzani wamepungukiwa mtu kwa adhabu hayaongezwi. Mwisho wa msimu hujumlishwa. Rekodi ya msimu mmoja ni 124 za kuongeza, na aliyeiweka, msimu wa 1970/71, ni Bobby Orr wa Boston. Bobby Orr alikuwa nani? Alikuwa beki! Niliposoma jambo hilo nilimkumbuka yule kijana wangu mwenye homa.

Lakini tusiipokee hesabu hii kama dawa ya kila ugonjwa. Mtu dhaifu akicheza siku zote pamoja na Bobby Orr atapata alama nzuri bila jasho, na mtu hodari katika timu mbovu ataonekana ndiye mbovu. Tena katika mpira wetu wa miguu hesabu hiyo huwa dhaifu zaidi, kwa sababu watu wale wale 11 hukaa uwanjani karibu mchezo mzima. Wakifunga, wote wameongeza. Wakifungwa, wote wamepunguza. Huwezi kumtenga mmoja na mwenzake. Barafuni hubadilishana kila dakika, ndiyo maana tofauti huonekana.

Sisi hata hivyo tunacho kitu cha kutusaidia, nacho ni mazoezi ya jioni. Hapo vijana hugawanywa makundi mawili, na makundi yaweza kuchanganywa upya kila siku. Leo Juma yuko pamoja na Athumani, kesho yuko kinyume chake. Tukiandika kila siku nani alikuwa upande gani na matokeo yakawa nini, baada ya miezi miwili tutajua ni nani ambaye kila upande akiwekwa, upande huo hupata nafuu. Na atakayeonekana, nathubutu kusema, hatakuwa daima yule ashangiliwaye.

Nasema miezi miwili, si wiki mbili, na hapa nawaomba wanafunzi wajaribu wenyewe. Kila mmoja achukue sarafu airushe mara 10, ahesabu kichwa kimeangukia juu mara ngapi. Katika watoto 100, kiasi cha 17 watapata vichwa 7 au zaidi. Je, hao ni mabingwa wa kurusha sarafu? Hapana, ni bahati tu. Sasa mwanafunzi akicheza michezo 10 akashinda 7, sisi humwita shujaa, na wa michezo 3 humwita uchafu. Hata ile michezo mitatu ya beki wangu ni michache, haikuthibitisha kitu. Lakini ilitosha kunifanya niulize, nami sikuuliza. Magoli yenyewe ni machache katika mpira, ndiyo sababu wale wa barafuni siku hizi huhesabu hata mashuti yote, yaliyolenga lango, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa njiani, kwa kuwa vitu vingi huonyesha ukweli upesi kuliko vichache.

Kwa magolikipa mambo ni magumu zaidi. Msimu wa 2023/24 golikipa bora wa Ligi Kuu alikuwa Ley Matampi wa Coastal Union ya Tanga, timu iliyomaliza ya nne. Watu hutazama michezo ambayo golikipa hakufungwa. Lakini golikipa asiyepigiwa shuti hata moja naye hakufungwa, hata kama alikuwa amekaa chini akila karanga. Kwa hiyo mwandike amepigiwa mashuti mangapi. Na kwa wasichana wetu wa netiboli ni vivyo hivyo: wafungaji wawili tu ndio wenye ruhusa ya kufunga, nao ndio wenye majina. Hakuna aandikaye mipira iliyonaswa na walinzi. Mzazi akimwuliza binti yake, "Umefunga mangapi?" naye ni mlinzi, atajibu nini?

Najua jibu la wenzangu wanaopenda macho. Watasema kuna mambo yasiyohesabika: moyo, utii, kumwinua mwenzako aliyeanguka. Nakubali. Watasema pia kwamba ukihesabu magoli kila mtu atataka kupiga shuti, na ukihesabu pasi watapasiana mpaka jua lizame. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu sitaki hesabu moja tu. Lakini macho nayo yana maradhi yake. Macho humwona mrefu kabla ya mfupi, na mwenye viatu vipya kabla ya mwenye vilivyoshonwa. Humwona mtoto wa mtu anayejulikana. Goli la jana huliona kuliko ya mwezi uliopita. Mtoto wa mkulima kutoka ndani kabisa, asiye na wa kumsemea katika kamati, hana wakili ila karatasi iliyoandikwa vizuri.

Basi nimenunua daftari kubwa la kurasa 200, nalo liko katika chumba cha walimu. Nahitaji wanafunzi wawili kwa kila mchezo, mmoja wa kutazama na mmoja wa kuandika, na wasiwe wa bweni moja. Mzazi yeyote ajaye Jumamosi akapenda kuishika kalamu kipindi cha kwanza atakaribishwa. Mistari nimekwisha ipiga: jina, dakika alizocheza, magoli, pasi, mashuti, mipira iliyonaswa, na timu iliyochezwa nayo. Kwa mabeki nimeacha nafasi pana zaidi.