Bidoni na mgongo wa mama

Bidoni ya lita 20 ikijaa maji inapita kilo 20. Wengi wetu tunaiinamia miguu ikiwa imenyooka, tunaivuta, halafu usiku tunalalamikia mgongo. Isogelee kwanza. Kunja magoti, ishike karibu na tumbo, inuka kwa nguvu za miguu. Na beseni ya kufulia iwekwe juu ya kiti, si chini.

Jioni lala chali juu ya mkeka, magoti yakunjwe, nyayo chini. Inua matako polepole, hesabu mpaka 5, shusha. Mara 10 kila siku. Watoto watacheka, wangu walicheka, sasa ndio wananihesabia.

Maumivu yakizidi, acha. Lakini mguu ukifa ganzi, ao mkojo ukitoka wenyewe, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.