Moshi wa Kuni Unawaumiza Mama Zetu

Vijijini tumezoea kumwona mama ameinama mbele ya mafiga, macho mekundu, anakohoa, nasi tunasubiri ugali. Tunasema ni moshi tu. Kumbe moshi huo hubeba chembe laini na hewa ya sumu hadi ndani kabisa ya mapafu. Huleta nimonia kwa mtoto aliyebebwa mgongoni. Kwa mama mwenyewe kikohozi sugu, saratani ya mapafu, hata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Baba Mtakatifu Fransisko naye aliutaja moshi wa kupikia katika Laudato Si' (2015).

Serikali ya Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni vema. Ila mtungi wa gesi ukiisha huwekwa pembeni, maana fedha ya kuujaza iko mfukoni mwa baba, na kuni za kuokota hazimgharimu kitu. (Mgongo unaozibeba si wake.)

Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe kwenye jumuiya, akina baba wakiwepo, siyo kwenye vikao vya WAWATA pekee. Hata kabla ya gesi, kuni zikaushwe, jiko liwe na dirisha na dohani. Nayo parokia ianze na jiko lake. Siku ya upadrisho, nani hukaa motoni tangu alfajiri? Kamati inayopanga bajeti ya maturubai na muziki ipange na ya gesi.