HABARI ZA KALE: Mwaka wa 1894 katika Rusumo

Mwezi huu twanena juu ya mwaka mmoja tu, 1894. Waalimu huufundisha hivi: tarehe 2 Mei, Gustav Adolf von Götzen, Mdachi, aliuvuka mto Kagera katika maporomoko ya Rusumo akaingia Rwanda. Neno hilo ni kweli. Lakini Rusumo ni jirani ya Kasulo yetu, na mtoto akiuliza, "Watu wa ng'ambo hii walikuwa katika hali gani siku ile?" yafaa mwalimu awe na jibu.

Basi, Götzen alikuta nchi iliyokwisha kupigwa. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoingia Afrika kwa pande za Habeshi katika miaka ya 1880, ilifika nchi za Ziwa yapata mwaka wa 1891. Mahali pengi walikufa ng'ombe 9 katika kila 10. Mtu asiyefuga atadhani ni hasara ya mali tu. Sivyo. Ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto, na mbolea ya migomba, na mahari, na kifungo kati ya mkubwa na mdogo wake. Zizi likiwa tupu, mgomba nao hudhoofika, na kijana haoi. Ndui nayo ikaja. Tena wakaja funza, wadudu ambao wazee hawakuwajua: merikebu iliwaleta pwani ya Angola mwaka wa 1872, wakalivuka bara lote katika miguu ya wapagazi. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Uzinza mwaka wa 1892, aliona watu wenye vidonda vibaya vya funza, hata wasiweze kulima.

Watu wa Ayalandi, huko Ulaya, wanazo habari zilizo karibu na hizi. Viazi vyao viliugua tangu mwaka wa 1845, na mwaka wa 1847 wautaja hata leo kwa uchungu. Watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa ile. Lakini wengi wao walipata merikebu za kukimbilia Marekani. Huku kwetu hapakuwa na merikebu.

Götzen mwenyewe hatuna haja ya kumfuata mbali. Alitoka Pangani Desemba 1893 na wapagazi wake. Mwishoni mwa Mei 1894 akaonana na mfalme Rwabugiri huko Kageyo. Wadachi na Waingereza walikuwa wamekwisha kugawana nchi hizi katika karatasi mwaka wa 1890, wala mfalme hakuulizwa. Akafa mwaka uliofuata. Götzen akapita misitu ya Kongo hata Matadi, na mwaka wa 1901 akawa gavana huko Dar es Salaam. Meli iliyopewa jina lake ndiyo ile iliyoitwa baadaye Liemba, katika ziwa Tanganyika.

Lililodumu kuliko safari yake ni pori. Malisho yasiyo na ng'ombe yaliota vichaka, vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta malale. Katika Biharamulo watu walihamishwa wakae pamoja mbali na mbung'o, na wanyama wa porini wakabaki na nchi. Mwaka wa 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mgeni aliyepanda gari kutazama twiga husema, "Tazama nchi isiyoguswa na mtu!" Tungependa mtu amweleze.

Tena iko tarehe nyingine, ambayo mwalimu na aiandike ubaoni kando ya ile ya kwanza. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, miaka 100 kasoro siku chache, watu wapatao 250,000 walilivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, wakija upande wetu kutoka katika vita na mauaji ya Rwanda. Walikuwamo wenye damu mikononi, na walikuwamo watoto wachanga. Wakawekwa Benaco, hapa Kasulo, na kuni za kwanza walizopikia zilikatwa katika vilima hivi tunavyoviona mlangoni.