Mmekamata chupa, na ile ngozi mmemwachia nani?

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu wa mashirika mnaotusomaga hapa, leo tunasema wazi: vita ya mukorogo imepiganwa nusu.

Novemba 2018 Rais Kagame aliandika Twitter kwamba kujichubua kunaharibu afya, akataka Wizara ya Afya na Polisi wafuatilie. Wakapita madukani, wakakusanya chupa. Vizuri sana, sisi hatupingi. Lakini Rusizi iko mpakani. Bukavu tunaiona kwa macho, mto tu unatutenganisha, na chupa haina miguu ila inavuka. Na hata kama zote zingekamatwa leo, swali letu linabaki: yule dada aliyepaka miaka mitatu, ngozi yake imekatika, nani anamshughulikia? Hapo ndipo kimya.

Tueleze kidogo, maana wengi wanafikiri shida ni rangi tu. Ngozi ya juu kabisa ni nyembamba kama karatasi, lakini ni ukuta. Chembe zake zimepangwa kama matofali, na katikati kuna mafuta yanayozishikanisha kama udongo wa kujengea. Ukuta huo unazuia maji ya mwili yasitoke na vijidudu visiingie. Krimu nyingi za kuchubua zina dawa za steroidi kama klobetasoli, ambazo daktari anaandikaga kwa ugonjwa fulani na kwa muda mfupi. Ukizipaka mwili mzima kila siku, ngozi inakonda, inapata michirizi, mishipa inaonekana, kidonda kidogo kinakawia kupona. Haidrokwinoni nayo, ukiitumia muda mrefu, inaleta madoa meusi yasiyotoka. Madaktari wa Afrika Kusini walishaeleza jambo hilo mwaka 1975. Zebaki inaenda mpaka kwenye figo. Kwa hiyo tunaongelea ukuta uliobomolewa, si mapambo.

Sasa sikilizeni mtego uko wapi. Mtu akisikia mahubiri yetu, anaacha krimu siku hiyohiyo. Baada ya siku chache uso unawaka moto, unakuwa mwekundu, unawasha, vipele vinatoka. Hali hiyo inaweza kudumu wiki nyingi, hata miezi. Hakuna aliyemwambia kwamba itakuwa hivyo. Anafikiri kuacha ndiko kumemharibu. Muuzaji anamsubiri palepale sokoni: "Njoo, yaya, niko na ingine ya kurudisha ngozi." Anarudi kwenye chupa. Halafu tunasema hasikii! Atasikia nini, wakati tulimpa amri bila njia?

Na wapo vijana wenzetu wanaomaliza kazi ya muuzaji kwa midomo yao. "Uso Fanta, miguu Coca!" Wanacheka, wanapiga picha, wanatuma kwenye magrupu. Matokeo yake ni nini? Dada anajifunika kitambaa usoni na haendi kwa muuguzi, kwa sababu anajua hata kule ataulizwa kwanza kwa nini alijipaka. Kaka naye ni hivyohivyo, maana wanaume pia wanajipaka ila wanafichaga.

Kuna wanaotujibu: "Walijitakia wenyewe." Haya. Mtu akianguka na pikipiki bila kofia, tunamwacha barabarani kwa sababu alijitakia? Tunamwokota kwanza. Na kwani nani aliwafundisha kwamba weupe ndio uzuri? Si sisi wote tunaosikiaga kwenye harusi, "bibi arusi ametakata," tukapiga vigelegele?

Jambo linalotuuma ni kwamba matunzo ya ngozi hiyo hayahitaji mali nyingi. Oga kwa muda mfupi, maji yasiwe moto. Sabuni weka kwapani, chini na miguuni. Sehemu iliyochubuka iachie maji tu. Usisugue kwa jiwe wala dodoki. Jikaushe kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu paka vazelini ya kawaida isiyo na manukato, asubuhi na jioni. Jua la huku ni kali: vaa kofia, mikono mirefu, chukua mwavuli. Limau, dawa ya meno, majivu, javeli, hapana kabisa. Halafu vumilia. Ngozi ya juu inajibadilisha kwa karibu mwezi mmoja, lakini ile iliyopigwa miaka inataka muda zaidi.

Moja tunalikazia: aliyepaka krimu kali mwili mzima kwa muda mrefu asikate ghafla peke yake. Mwili unaweza kuwa umezoea dawa ile mpaka ukapunguza ya kwake, na kukata ghafla kukaleta udhaifu, kizunguzungu na kutapika. Aende kituo cha afya na chupa yake mkononi, apunguziwe kwa mpango. Akiona usaha, homa au uvimbe, aende siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, ndugu wa mashirika, tunawaomba mambo mawili, na tunayaomba kwa sauti. La kwanza, kwenye vifaa vya usafi wekeni kopo la vazelini na sabuni laini ya kuogea. Kipande kimoja cha sabuni ya kufulia kinafua nguo, kinaosha sahani, halafu kinaogesha mtoto na mwenye ngozi iliyokatika. Hapo tunabomoa ukuta uleule. La pili, mabango yenu yanasema "Acha." Ongezeni mstari wa pili: "Ukiacha, itakuwa hivi, na sisi tutakusaidia hivi." Na wauguzi waulize "umetumia nini, tangu lini?" bila kukunja uso.

Sisi tunaojitolea Nyarushishi tunaona watu wanakuja na kupelekwa kambi zingine. Wanaachaga nyumba, mashamba, hata vyeti. Ngozi ndiyo nyumba ambayo hakuna mkimbizi anayeiacha nyuma. Anayeibomoa kwa faida akamatwe, sawa. Lakini anayeishi ndani yake anahitaji fundi, hahitaji hakimu.

Mpelekee mwenzako anayejificha nyuma ya kitambaa. Usimcheke. Mpe vazelini, mshike mkono, mwende naye kwa muuguzi.