VIPURI VISIVYOPIGA HODI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaijua sana sisi watu wa ofisini, na kila siku twaifuata katika kazi tuliyopewa. Barua iingiayo huandikwa, na itokayo huandikwa. Hata chupa ya wino ina mstari wake katika daftari la stoo. Lakini tukiisha funga ofisi na kuingia katika motokaa zetu, methali hiyo twaiacha mezani. Mwulize mwanachama mwenye gari, mkanda wa injini yake ulibadilishwa lini, au mafuta ya breki yake yana umri gani. Aghalabu atakujibu kwamba gari ni zima, halijamsumbua.

Twaliandika jambo hili mwezi huu kwa sababu katika Mkutano Mkuu ujao wanachama wataulizwa kama mfuko wetu wa mikopo uendelee na kanuni yake ya sasa. Kwa kanuni hiyo, mwanachama hukopeshwa fedha za kutengeneza motokaa pale tu gari lake linapokuwa limekwisha haribika. Ajaye kuomba mapema huambiwa angoje. Twaona ya kuwa kanuni hii haifai, na yatupasa kueleza kwa nini.

Kwanza tuwasikilize wenye shaka, maana shaka yao ina msingi. Wao husema kwamba tukianza kukopesha kwa ajili ya kitu ambacho hakijavunjika, kila mtu atataka vipuri vipya, mafundi watashangilia, na mfuko utakauka. Neno hili si la kupuuza. Katika mwaka 1978, F. Stanley Nowlan na Howard F. Heap wa kampuni ya ndege ya United Airlines, Marekani, walitoa taarifa waliyoiandika kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya nchi yao. Walionyesha ya kuwa katika kila aina 100 za vipuri vya ndege walizozichunguza, 89 hazikupata faida yo yote kwa kuwekewa kikomo cha umri. Tena aina nyingi ziliharibika zaidi zilipokuwa mpya kuliko zilipokwisha kutumika. Basi mtu abadiliye kila kitu kwa kuwa kimezeeka hana busara kumpita yule asiyebadili kitu cho chote. Huenda akatoa kizima kilichokwisha zoea kazi, akatia kipya chenye kasoro.

Lakini zilisalia zile aina 11, na tairi ni mfano wa vitu vya namna hiyo. Kitu chenye kazi moja na kifo cha namna moja, kama mpira usuguao barabara, huchakaa kwa kadiri inayoweza kujulikana. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, “Kipuri hiki kina umri gani?” Yako maswali mawili yanayopita hilo. Je, kitapiga hodi kabla ya kufa? Na kikifa, kitakufa na nani?

Ukiyauliza maswali hayo, vipuri vyote hujigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vile vipigavyo hodi. Pedi za breki hulia zikikaribia kwisha, shokapu huvuja na gari likaanza kurukaruka, betri huvuta kwa taabu asubuhi. Vitu hivi havihitaji kalenda. Vyahitaji macho na masikio, na fundi wa kuvitazama kila gari linapopelekwa kubadilishwa oili. Fungu la pili ni la vile visivyopiga hodi, lakini vikifa hufa peke yake: taa ya ndani, fyuzi, mpira wa kufutia kioo. Hivi viache mpaka vife, ila uwe na akiba ndani ya gari. Fungu la tatu ndilo tunaloliogopa. Ni la vile vinyamazavyo, kisha vikiondoka huondoka na injini, au na watu.

Mfano wa kwanza wa fungu hili ni mkanda wa taimingi. Mkanda huu hukaa mbele ya injini chini ya kifuniko, usionekane, na kazi yake ni kuzifungua na kuzifunga valvu kwa wakati ulio sawa na mwendo wa pistoni. Ukikatika, katika injini nyingi, hasa za dizeli, valvu hubaki wazi na pistoni huja kuzigonga. Injini huzimika papo hapo, na dereva huona breki na usukani vimekuwa vizito mikononi na miguuni mwake. Kwa injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, ambayo wengi wetu twaijua katika Land Cruiser za kazini, mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na taa huwaka mbele ya dereva hesabu hiyo ikitimia. Lakini wanachama na waelewe ya kuwa taa hiyo haiuoni mkanda. Yahesabu kilomita tu, kama karani ahesabuye siku bila kumtazama mtu. Gari lililonunuliwa limetumika, ambalo mita yake ilirudishwa nyuma, taa yake haina ushahidi wa kuaminika. Tena si kila injini ina mkanda. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika baadhi ya Toyota IST, hutumia mnyororo, na mnyororo hudumu zaidi mradi oili ibadilishwe kwa wakati. Kwa hiyo kila mtu asome kitabu cha injini yake mwenyewe, asiige ya jirani.

Hapa wengi husema: “Mkanda wangu bado mzima, kuutoa ni kutupa fedha.” Tuifanye hesabu kama makarani. Tuseme, kwa mfano tu, mkanda pamoja na kazi ya fundi ni shilingi 300,000, na kwamba ungeachwa ungefika kilomita 125,000. Ukiubadilisha kwenye kilomita 100,000, hukutupa shilingi 300,000. Umetupa sehemu moja katika tano, yaani shilingi 60,000, kwa kuwa sehemu nne ulikwisha zitumia. Tuseme tena kwamba valvu na pistoni zikigongana hasara ni shilingi 2,400,000. Basi katika magari 40 yaliyosubiri, likikatikiwa gari moja tu, hasara ya huyo mmoja yameza akiba yote ya wale 39 wengine. Na hapo hatujahesabu gharama ya kuvuta gari kutoka porini, wala usiku wa familia kando ya njia.

Mfano wa pili ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewa polepole, hata gari likikaa tu. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za sentigredi. Yakiisha kunywa maji, kiwango cha chini kinachoruhusiwa huwa nyuzi 140. Mtu awezaye kuendesha mwaka mzima mjini bila kuona tofauti, huiona siku moja akiteremka mlima wa Kitonga na gari limejaa. Breki hupata moto, mafuta huchemka, na mvuke huingia katika mabomba. Ndipo pedali hushuka mpaka chini na gari lisisimame. Wala hapana sauti iliyotangulia. Watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila miaka miwili au mitatu, na bei yake ni ndogo kuliko ya tairi moja.

Mfano wa tatu ni hilo tairi lenyewe, ambalo hukaa katika mafungu mawili kwa pamoja. Kuisha kwa meno yake huonekana. Kuzeeka kwa mpira wake huenda kusionekane. Pembeni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mwana tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni juma, na mbili za pili ni mwaka. Palipoandikwa 2319, tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Michelin, kwa mfano, hushauri tairi lichunguzwe na fundi kila mwaka likiisha timiza miaka mitano ya kutumika, na kwamba lisipite miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama meno yangali marefu. Aonaye tairi la mtumba lenye meno mazuri na asisome tarakimu hizo, amenunua umri asioujua.

Serikali yenyewe hutufundisha jambo hili. Haingoji mtumishi aanguke juu ya meza yake ndipo imstaafishe. Kwa walio wengi wetu katika Tanzania, umri wa lazima ni miaka 60. Wako wazee ambao katika umri huo bado wana nguvu ya kushika kalamu, na kanuni hiyo yawaondoa mapema. Hata hivyo kazi hupangwa, mrithi huandaliwa, na mafaili hukabidhiwa kwa utulivu. Hasara ndogo iliyopangwa ni nafuu kuliko kubwa iliyokuja bila taarifa.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. La kwanza, kila mwanachama mwenye motokaa afungue ukurasa mmoja wenye safu tatu: tarehe, kilomita, na kilichofanywa. La pili, mtu aliyenunua gari lililotumika, wala hana karatasi ya kuthibitisha, ahesabu ya kuwa hakuna kilichofanywa, aanze na vipuri vya fungu la tatu mara moja. La tatu, ambalo ndilo la Mkutano Mkuu, mfuko wetu ukubali kukopesha kabla ya kuvunjika kwa ajili ya fungu la tatu peke yake. Mwombaji alete nakala ya ukurasa wake pamoja na hati ya fundi, na mweka hazina alipe duka na fundi, si mkononi mwa mwombaji. Kwa njia hii wenye shaka watapata ulinzi wao, na hapana atakayenunuliwa taa za kupendezesha gari kwa fedha za wenzake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kanuni tuliyo nayo leo yasema kwamba tutamkopesha mwenzetu ukuta, lakini ufa hatutamkopesha. Magari yetu hupakia watoto wa jirani kwenda shule, wagonjwa kwenda hospitali, na jamaa kwenda mazishini. Si haki wajue umri wa breki zetu siku ile tu zinaposhindwa.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwanachama mwenye maoni mengine na ayalete mkutanoni, na akija, aje pia na ukurasa wa gari lake.